Mama Dumu, Aliyekataa Kusawazisha Kilima

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, msanifu majengo wetu mwandamizi atafunga droo yake ya penseli na kukabidhi ufunguo kwa mtunza stoo. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mitatu na miezi minne katika idara hii ya majengo. Jina lake kamili limo kwenye barua ya ajira, na huko ndiko lilikobaki. Sisi sote, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, tunamwita Mama Dumu. Wageni hudhani anauza mafuta ya taa. Asili ya jina hilo nitaisimulia, kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu siku lilipozaliwa mimi ndiye niliyeumbuka.

Kamati ya kuaga imenipa kazi hii mimi, mpimaji ardhi, kwa hoja kwamba nimegombana naye kuliko mtu mwingine yeyote humu. Ni kweli. Tumekaa chumba kimoja miaka ishirini na sita, meza zetu zikitazamana, pembeni yetu dirisha moja ambalo yeye hulitaka wazi na mimi hulitaka limefungwa. Mtu mkigombania naye hewa miaka yote hiyo, utamjua.

Aliajiriwa akiwa mchoraji msaidizi, binti mwembamba mwenye begi kubwa kuliko yeye. Zama hizo michoro ilichorwa kwa wino, na kosa lilikwanguliwa kwa wembe. Kwenye usaili wazee watatu walimhoji kwa muda wa saa nzima, kisha wakamuuliza kama naye ana swali. Alikuwa nalo.

"Choo cha wanawake kiko wapi?"

Wazee wakatazamana. Hakikuwepo. Mwanamke pekee katika idara, mhudumu wa chai, alikuwa akivuka barabara kwenda kuazima cha ofisi za jirani. Binti akapata kazi, na mchoro wake wa kwanza katika utumishi ukawa choo. Kipo hadi leo nyuma ya stoo, mlango wa bluu, na hakijawahi kuziba. Mhudumu yule akamlipa kwa wosia mmoja: "Mwanangu, chai hapa napika mimi. Siku ukishika birika, hutaliweka chini mpaka unastaafu." Mama Dumu aliushika wosia huo barabara. Kwa miaka thelathini na mitatu hajatupikia chai hata siku moja, na mumewe, shemeji yetu fundi cherehani, anasema tumshukuru Mungu, maana yeye anaijua chai yenyewe.

Alisoma jioni, akapanda cheo mara nne, akachora zahanati, masoko na kituo cha mabasi chenye paa ambalo abiria wanaweza kweli kujikinga nalo. Lakini kila anayemtaja huishia kutaja shule moja, nami sitakuwa tofauti.

Miaka kumi na moja iliyopita tulipewa kazi ya kujenga shule mpya ya msingi. Ya zamani ilikuwa imeelemewa. Watoto walisoma kwa zamu, wengine asubuhi wengine mchana, na darasa la pili walikuwa wakisomea stoo, katikati ya madawati mabovu. Kiwanja kilichopatikana ni kile ambacho kila mtu alikuwa amekikataa. Kilikuwa ubavu wa kilima, na kutoka barabarani hadi chini kabisa kilishuka mita nane. Majirani walikiita Kiwanja cha Mbuzi, kwa kuwa kiumbe mwingine yeyote akisimama pale alitafuta kitu cha kushika.

Mhandisi mkuu wa wakati huo, ambaye leo ni mstaafu na ameahidi kuhudhuria sherehe hii, alikuwa na dawa moja kwa ardhi yote duniani. Tulimwita Bwana Tambarare. Mpango wake ulikuwa kuleta tingatinga, kukata nusu ya juu ya kilima, kumwaga udongo wake nusu ya chini, na kusimamisha jengo moja refu. "Wiki tatu tu, kiwanja kitakuwa kama meza," alisema. Mimi nilikuwa nimeshapima eneo lote, nikaunga mkono. Kwa nini nisiunge? Kupima kitu bapa ni raha.

Mama Dumu hakubisha mkutanoni. Kesho yake asubuhi aliniomba nimsindikize kiwanjani. Njiani akamsimamisha dereva penye bomba, akajaza dumu la njano la lita ishirini. Tulipofika akaniomba nilibebe. Nikamwambia mgongo unaniuma. Akanitazama, akatengeneza kata kwa kitambaa chake, akajitwisha dumu na kupanda nalo hadi juu kabisa, mimi nikimfuata na ramani yangu isiyo na uzito wowote. Jua lilikuwa kali, vumbi limetanda, wingu halionekani.

"Bwana mpimaji, kwenye huo mchoro wenu darasa la kwanza liko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole, pale upande wa kushoto, chini kidogo.

"Haya."

Akainamisha dumu. Mwanzoni vumbi lilikunywa. Halafu maji yakaanza kutambaa, yakazunguka jiwe, yakakata kushoto, yakashuka bila haraka na kutuama mahali pale pale nilipokuwa nimenyooshea kidole.

"Yamekwenda wapi?"

"Chini."

"Chini kwa nani?"

Ramani ya vimo ilikuwa yangu, kila mstari nilikuwa nimeuchora mwenyewe, na mistari hiyo ilionyesha wazi kwamba pale pana bonde dogo. Kupima nilikuwa nimepima. Kusoma nilichokipima, sikuwa nimesoma.

"Hilo ni dumu moja, kaka," akasema, sasa kwa upole. "Mvua ikija haitakuja na dumu. Na udongo uliomwagwa jana haubebi ukuta leo. Tukikikata kilima hiki, kitatudai kila mwaka."

Dereva aliyaona yote akiwa garini. Hadi saa ya chakula cha mchana idara nzima ilikuwa imeshapata habari, na jina limeshapatikana.

Kazi sasa ikawa kuwashawishi wengine. Alirudi na mchoro wa safu tatu za madarasa, kila safu ikikaa chini ya mwenzake kwa mita mbili na nusu, kama watu walioketi kwenye ngazi. Kamati ya wazazi ilipokutana alileta shule yenyewe mezani, ameijenga kwa maboksi ya viatu. Mwenyekiti wa kamati, muuza magodoro mwenye sauti ya kuuzia magodoro, hakusubiri maelezo.

"Mama, watoto wetu si mbuzi!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Bwana Tambarare alikuwa amekunja mikono, ametulia kama mtu aliyekwisha kushinda. Mama Dumu alicheka pamoja nao, kisha akatoa gololi mfukoni na kuiweka ndani ya boksi la katikati. Gololi ikatulia.

"Ndiyo maana, mzee wangu, kilima nimekiacha nje. Ndani ya darasa hata gololi haibingiriki. Hebu chungulia dirishani."

Mwenyekiti akainama, akafumba jicho moja. Alikaa hivyo muda mrefu hata mkewe akamvuta shati. "Kumbe hawa wa katikati wanaona juu ya paa la wenzao," akasema. "Upepo unawapata wote." Akajinyoosha. "Mimi ningesomea hapa, leo nisingekuwa nauza magodoro." Mikono ikanyooshwa, mchoro ukapita.

Laiti ningeweza kuishia hapo, ningekuwa nimemaliza sifa. Lakini yeye mwenyewe amenikataza kuandika nusu. Alisema, "Ukiandika la dumu bila la mwalimu, sitakuja kwenye sherehe."

Basi la mwalimu ni hili. Msingi wa safu ya juu ulikuwa umeshajengwa, na wa safu ya katikati umeshachimbwa, siku walimu walipokuja kutembelea ujenzi. Miongoni mwao alikuwepo mwalimu wa hisabati, dada anayetumia kiti cha magurudumu tangu utotoni. Wenzake waliteremka wakishikana mikono kwa vicheko. Yeye alibaki juu, ukingoni, akitazama mchoro tuliokuwa tumeubandika kwenye ubao. Katikati ya mchoro zilikuwepo ngazi pana, thelathini na moja, zinazoshuka toka safu ya kwanza hadi ya mwisho. Mama Dumu alizipenda ngazi zile kuliko kitu chochote alichowahi kuchora. Alikuwa ameziwekea hata mahali pa maua.

"Samahani, mama," mwalimu akauliza. "Darasa la saba litakuwa wapi?"

"Safu ya chini kabisa, mwalimu. Ndiko kwenye utulivu."

"Hesabu za darasa la saba nafundisha mimi." Akatazama ngazi, akamtazama mchoraji. "Nitashukaje?"

Bwana Tambarare, kwa nia njema kabisa, akakohoa na kusema kwamba hilo ni jambo dogo, mwalimu apangiwe madarasa ya juu tu, la kwanza hadi la tatu.

"Na mtoto atakayekuja na kiti kama hiki?" mwalimu akauliza, bila hasira. "Naye atakaa darasa la tatu maisha yake yote?"

Nimemwona Mama Dumu akibishana na wakurugenzi, wakandarasi na mawaziri wawili. Siku ile hakubishana. Akavua kofia ya ujenzi.

"Nimekosea," akasema, kwa sauti ambayo hata wachimbaji waliisikia. "Si mhandisi, si mafundi. Ni mimi. Niliuliza maji yatapita wapi, sikuuliza watu watapita wapi."

Kusema hivyo kulikuwa rahisi kuliko kulirekebisha kosa lenyewe. Njia ya kupanda isiyo na ngazi, ile mafundi wanayoiita rampu, ina sheria yake: kila mita moja ya kupanda inataka mita kumi na mbili za kwenda mbele, la sivyo kiti kinamshinda mtu. Kutoka safu moja hadi nyingine zilihitajika mita thelathini, na nafasi hiyo haikuwepo. Ujenzi ulisimamishwa. Kwa siku tisa sakafu ya chumba chetu ilijaa karatasi, nikawa naruka kama ndege kufika mezani kwangu. Siku ya nne alifunga dirisha mwenyewe, bila kuombwa. Hapo nikajua hali ni mbaya.

Siku ya sita nilimkuta ameketi sakafuni, penseli sikioni, macho mekundu.

"Dada, kapumzike," nikamwambia. "Ngazi zako ni nzuri, tutatafuta namna."

"Nitapumzikaje, kaka, na mwalimu wa watu nimemwacha juu ya kilima?"

Halafu akaitazama karatasi, na nikaona uso wake unabadilika. Ngazi. Ngazi zenyewe ndizo zilizokuwa zimekalia nafasi. Kama tungeziondoa na safu za chini zikasogea mita nne, rampu ingepita mbele ya madarasa, ikishuka taratibu kwa ubavu wa kilima, ikigeuka na kurudi, ikawa ndiyo njia ya shule nzima. Asingekuwepo mwenye njia yake peke yake pembeni. Mwalimu mkuu, mtoto, mgeni na mwenye kiti wote wangepita pamoja. Alichukua raba akazifuta ngazi zake thelathini na moja, polepole, kama mtu anayefuta jina la mchumba wa zamani. Mwishoni mwa jengo akabakiza ngazi nyembamba za wenye haraka. Katikati ya kila rampu akaweka mahali tambarare pa kupumzikia, akapapanua, akapaezekea paa. Maua akayahamishia hapo.

Kilichobaki ni kuwaambia mafundi wafukie mtaro waliokwisha kuuchimba na waanze upya. Kwa kawaida habari za namna hiyo hutumwa kwa barua, na mwandishi hukaa mbali. Mama Dumu alikwenda mwenyewe asubuhi, akasimama mbele ya wanaume kumi na wawili walioegemea makoleo.

"Kosa la mchoraji huchimbwa na watu wengine," akawaambia. "Nawaomba radhi."

Fundi mkuu alijikuna kichwa. "Mama, mimi nimezoea kuchimba msingi mara moja. Shimo la kuchimbwa mara mbili ni la kutafuta hazina."

"Basi leo tunaitafuta, fundi."

Akacheka, akatema mate viganjani. "Miaka yangu yote ya kazi sijawahi kuombwa radhi na mtu wa ofisini. Jamani, shikeni makoleo kabla hajaghairi!"

Shule ilikamilika baada ya miezi kumi na minne. Wiki moja kabla ya kufunguliwa, mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, ile mvua ya kuangusha kuta za watu. Asubuhi ya siku ya tatu tulikwenda kutazama, Mama Dumu, Bwana Tambarare na mimi, watatu chini ya miavuli miwili. Maji yalishuka kutoka barabarani kwa kishindo, yakaingia kwenye mfereji chini ya rampu, yakapita kando ya madarasa na kutokea chini kama mgeni aliyeonyeshwa mlango. Bwana Tambarare alivua viatu, akaingia darasa la kwanza, akainama na kugusa sakafu kwa kiganja. Kavu. Akatucheka sote, kuanzia yeye mwenyewe.

"Ingekuwa mchoro wangu, mama," akasema, "hapa tungefuga samaki."

Siku ya ufunguzi hotuba zilikuwa sita, na watoto walizivumilia nne. Ya tano ilipoanza, mwalimu wa hisabati aliachia breki za kiti chake kule juu. Alishuka rampu ya kwanza kwa heshima. Akageuka kona. Ya pili akaiachia. Watoto wote wakatoka mbio kandokando yake wakipiga kelele, "Mwalimu, breki! Breki!", naye anacheka, kilemba kimefunguka, mgeni rasmi amesimama na karatasi zake hajui amsomee nani. Alisimama mlangoni mwa darasa la saba. Akaingia, akachukua chaki, akaandika ubaoni: mbili na nusu, gawanya kwa thelathini. Watoto wakagombea kujibu, mikono hewani, hadi mmoja akapayuka: "Moja ya kumi na mbili!"

Mama Dumu alikuwa amesimama nje ya dirisha, anajifuta macho kwa pembe ya mchoro wa shule. Mchoro ule tunao ofisini, na doa lake.

Tangu siku ile aliweka utaratibu ambao vijana wetu waliulalamikia sana na leo wanautetea kama wao ndio walioubuni. Hakuna mchoro unaotoka chumbani kwetu bila kuandikwa, kwenye kona ya chini kulia, mtu aliyeulizwa. Ukichora jiko la hospitali, uandike mpishi uliyezungumza naye. Ukichora stendi, andika kondakta, andika mama muuza maandazi. Kijana mmoja aliwahi kuandika jina la shangazi yake ili apite haraka. Mama Dumu akampigia simu shangazi mtu. Kijana yule sasa ni mkuu wa kitengo, na anauliza watu hata rangi ya bawaba. Shule kumi na tisa zimechorwa kwa utaratibu huo, sita kati yake kwenye miteremko ambayo zamani tungeiletea tingatinga.

Asidhaniwe malaika. Ana kalamu zangu tatu tangu mwaka wa kwanza wa ujirani wetu. Hukata keki za sherehe kwa rula ya skeli, ile ya kupimia michoro. Akikasirika hasemi, hunoa penseli, na tumewahi kupoteza boksi zima kwa wiki moja ya mkandarasi mbishi. Vilevile nyumbani kwake, kama ilivyo kwa wote wenye ufundi, mambo yamelala. Shemeji amekuwa akiahidiwa jiko jipya tangu mtoto wao wa kwanza anatambaa, na mtoto huyo sasa ana watoto wawili. Jiko ni lile lile, mlango wake ukifunguka kabati halifunguki. Juzi mama mkwe wake, bibi wa miaka themanini na minne, alimtuma shemeji hapa ofisini na ujumbe rasmi: "Waambie wamwachie mkamwana wangu. Shule zimetosha, na mimi nataka kupika nikiwa nimenyooka." Tumeupokea. Kwa kumbukumbu, bibi ameshahojiwa, na yeye ndiye atakayeandikwa kwenye kona ya mchoro.

Kwa shemeji, watoto na bibi: ahsanteni kwa kutuazima. Tunajua alirudi kwenu mara nyingi amechoka, na tope kwenye viatu, akili imebaki kiwanjani. Mlituvumilia.

Na kwako, dada yangu: ahsante kwa kunifundisha kusoma ramani zangu mwenyewe. Ahsante kwa kukosea hadharani, ili sisi wengine tuache kuogopa. Tunakuombea afya, miguu isiyouma, wajukuu wenye maswali, na jiko lenye milango miwili isiyogombana. Wiki iliyopita nilikuuliza Jumatatu ya kwanza ya kustaafu utafanya nini, ukaniambia utalala mpaka jua likuombe samahani. Fanya hivyo. Saa mbili asubuhi sisi tutakuwa mezani, tunakosea kama kawaida, tunauliza watu, tunafuta, tunachora tena. Usije kuturekebisha. Lala, Mama Dumu. Kazi umeiacha mahali pazuri.